Aliyeachiwa Amina

Tumsifu Yesu Kristo.

Mmeitika vizuri. "Milele, amina." Nimeisikiliza hiyo amina yenu mpaka ilipoishia, ndugu zangu, maana habari niliyokuja nayo ni ya neno hilo hilo. Mimi ni mtu aliyeachiwa amina. Mkinivumilia kidogo nitawaeleza ilikuwaje.

Mnanijua. Ni yule wa kule juu kwenye karoti, ninayekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Shule yangu iliishia la saba na kuongea mbele za watu sijazoea, hivyo nitasimulia kama mtu anavyosimulia jikoni. Majina ya watu sitayataja. Wanaojijua watacheka wenyewe.

Mke wangu alifariki mwaka juzi, masika yakielekea kuisha. Aliugua muda mfupi. Tulimshusha mpaka hospitali mjini, akapata nafuu, tukarudi naye mlimani, akaondoka akiwa kitandani kwake. Zaidi ya hapo sitaeleza. Wengi wenu mlikuja kumzika, na vyakula mlivyobeba kichwani kwenye utelezi ule sijavisahau.

Nyumbani kwetu aliyekuwa anasali ni yeye. Tukishakula anafunika vyombo, anakaa kwenye kigoda, anaanza. Anawaombea watoto, wagonjwa, mama yake mzazi, ng'ombe wa jirani mwenye mimba, hata dereva wa lori la mboga ili asitumbukie korongoni. Mimi niko karibu na moto, mikono juu ya magoti. Akimaliza nasema, "Amina." Sehemu yangu ilikuwa hiyo. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kusali kwa maneno yangu mwenyewe ndani ya nyumba ile, na hakuna aliyeniuliza. Mnajua desturi ya jumuiya yetu, kwamba nyumba inayopokea wenzake, mwenye nyumba ndiye anayefungua sala kwa maneno yake. Kwetu alifungua yeye. Mimi nilipanga viti.

Siku ya kuvunja matanga akaja mtani wa ukoo wa mke wangu. Ni mama wa Kinole, upande wa pili wa milima, Mwislamu, anauza ndizi na mdalasini, na ulimi wake hauna breki. Vijana wengine siku hizi hawajui, basi niwakumbushe: mtani akija msibani ana ruhusa ya kusema lolote, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Mama yule akalitoa koti langu msumarini, akalivaa. Akavaa na kofia yangu. Akaenda kukaa karibu na moto, mahali pangu kabisa, akaanza kusinzia. Kichwa kinashuka, kinashuka. Mara akashtuka, akapiga kelele:

"Aminaaa!"

Watu wakaangua kicheko mpaka waliokuwa nje wakachungulia.

"Huyu ndiye mwenye nyumba, jamani!" akasema. "Mwenzake anapanda mlima wa sala peke yake, ukoo mzima kichwani, yeye yuko bondeni anakoroma. Mwenzake akishafika juu, ndiyo kwanza huyu anaamka: amina! Sisi msikitini tukiitika amini, angalau tumesikiliza imamu kasema nini. Haya, marehemu kaondoka na sala zake. Wewe mwanamume, kakuachia nini? Kakuachia amina. Utaila na ugali?"

Na mimi nilicheka. Machozi yalinitoka, na mpaka leo sijui yalikuwa ya kicheko au ya nini. Akanirudishia koti, akasema, "Usininunie mtani wangu. Ndizi zangu umekula." Nikamwambia sijanuna. Kweli sikununa.

Lakini wageni walipokwisha kuondoka, na watoto wamerudi kwenye miji yao, jioni ya kwanza nikiwa peke yangu, nilikula, nikafunika chombo changu, nikakaa. Nyumba kimya. Halafu kinywa changu, chenyewe tu, kikasema: "Amina."

Nikashtuka. Amina ya nini? Hakuna aliyesali.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo uliniingia udadisi ambao sijawahi kuwa nao. Haikuwa huzuni peke yake. Huzuni ilikuwepo, na bado ipo. Hili lilikuwa kama mtu anayesikia maji yakipita chini ya ardhi ya shamba lake, anataka kujua yanatoka wapi. Nilijiuliza: mimi ninasali? Nimebatizwa mtoto, nimepata kipaimara, nimefunga ndoa kanisani. Je, imani hii ni yangu, au ilikuwa ya mke wangu na tumeizika pamoja naye? Swali hilo nililibeba shambani, nikalibeba gulioni, nikaja nalo hapa kwenye benchi la nyuma. Nilimtazama kila mtu anayesali, nikawaza, huyu naye ndani yake kukoje?

Mwaka mpya ulipoingia, mama mwenyekiti wa jumuiya yetu akatukalisha kwa duara, kila mtu aseme nia yake ya mwaka katika maisha ya kiroho. Wenzangu walisema mambo ya kawaida. Huyu atapatana na wifi yake, yule atajitahidi kuwahi misa. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, sijui nguvu nilipata wapi. Nikasema nitasali rozari kila siku bila kukosa. Nitafunga Jumatano na Ijumaa. Nitasoma Biblia yote kuanzia Mwanzo. Nikaona watu wananitazama kwa mshangao, nikaongeza: na pombe basi, na kila Jumamosi nitatembelea wagonjwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama mwenyekiti hakupiga. Alisema tu, "Baba, umemaliza, au kuna nyingine umesahau?"

Nilidhani ananisifu.

Mawazo yangu yalikuwa haya: huku kwetu nguvu za mtu unazijua kwa tenga analoweza kupanda nalo. Basi na imani nitaijua vivyo hivyo. Nitajitwisha mzigo mkubwa, nione kama nitafika au nitaanguka.

Nilianguka. Biblia ilinifikisha Walawi, kwenye habari za ukoma wa kuta za nyumba, nikabaki nazikagua kuta zangu za udongo mpaka nikakifunga kitabu. Rozari nilisinzia nayo mkononi. Kufunga kulinipa hasira, nikamfokea mbwa ambaye hakuwa na kosa. Mgonjwa nilimtembelea mmoja, mzee wa watu, nikakaa pale nimekosa la kusema, mwisho yeye ndiye akaanza kunifariji mimi. Na pombe, kulikuwa na harusi. Mnacheka, lakini wengine tulikuwa meza moja.

Kushindwa si kitu kilichoniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni ukaguzi. Kila jioni nilijikalisha kama mshitakiwa, nikaanza kujihoji. Leo umempenda Mungu, ndiyo au hapana? Ulipopiga ishara ya msalaba, ulimaanisha? Wakati mwingine sala ndogo ilikuwa inaanza kuota moyoni, kijineno tu, labda nimeona ukungu unaachia bonde nikasikia shukrani. Basi naikamata hapo hapo: hii ni ya kweli, au unamwigiza marehemu? Ilikuwa inakufa mkononi mwangu. Nikahitimisha kwamba ndani hamna kitu.

Nikaacha jumuiya. Nikiwasikia akina mama wanapita njia ya juu wanaimba, nachuchumaa katikati ya kabichi mpaka waishe. Nilituma habari kwamba mgongo unaniuma. Mgongo wangu haukuwa na tatizo lolote.

Sasa niwapeleke shambani, maana jibu lilikuwa huko.

Kwa wale mlioolewa huku mkitoka mabondeni, karoti haipandikizwi kama kabichi. Unamwaga mbegu juu ya tuta, zinaota zimesongamana kama nywele, kisha lazima upunguze: ung'oe nyingi ili chache zipate nafasi ya kunenepa. Kwetu kupunguza ilikuwa kazi ya mke wangu, na kujua kama zimekomaa ilikuwa kazi yake pia. Mimi nilikuwa mtu wa jembe na wa kubeba. Baada ya mwaka mpya ule nilimwaga mbegu peke yangu. Zikaota vizuri. Siku nilipopiga magoti kupunguza, mkono ukakataa. Kaburi la mke wangu lilikuwa halijatimiza mwaka. Kung'oa kitu kilicho hai, kibichi, eti kwa sababu kimesimama karibu mno na mwenzake, sikuweza. Nikaziacha zote.

Baadaye wasiwasi ukaniingia. Majani yamejaa, lakini chini kukoje? Nikang'oa moja. Nyembamba kama kidole cha mtoto. Nikaona vibaya kuitupa, nikairudisha kwenye shimo lake, nikaikandamizia udongo. Kesho yake nikajaribu nyingine, nayo nikairudisha. Ikawa tabia. Kila siku nang'oa, natazama, nasikitika, narudisha. Tuta likaanza kunyauka upande mmoja.

Mama mkwe wangu anakaa jirani. Ardhi ile ni ya ukoo wao, kama ilivyo desturi yetu Waluguru, mimi ndiye niliyewafuata. Kwa heshima ya ukwe hatusogeleani sana. Huku mlimani tunalima kwa ngazi, basi yeye husimama kwenye ngazi ya juu ya shamba, mimi niko ya chini, tunaongea hivyo. Siku hiyo nikasikia anakohoa juu yangu.

"Shikamoo mama," nikasema, karoti mkononi.

"Marahaba, mkwe wangu. Hizo karoti zimekukosea nini?"

"Hapana mama. Naangalia kama zinakua."

"Unaangalia kwa kuzing'oa?"

"Nikishaangalia nazirudisha, mama."

Akajishika kiuno. 

"Anazirudisha! Yesu na Maria! Mwanangu aliolewa na mtu anayezika karoti!" Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. "Hebu niambie, baba. Karoti ikishang'olewa, ikaulizwa habari za huko chini, ikarudishwa shimoni, itaendelea kukua kwa furaha gani?"

Nikaitazama ile iliyokuwa mkononi.

"Mwenzako alikuwa anafanyaje?" akauliza. Safari hii hakucheka.

Nikakumbuka. Nilikuwa nimeona kwa miaka yote bila kutazama. Mke wangu alikuwa akiinama, anapitisha kidole kimoja shingoni mwa karoti, anasogeza udongo kidogo tu, bega lake lionekane. Analitazama. Anasema, "Bado." Halafu anarudishia udongo, anaupigapiga kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto, anaendelea na kazi nyingine. Hakuwa akiing'oa. Na hakuwa akiikasirikia.

Nikafanya hivyo mbele ya mama mkwe. Nikasogeza udongo kwa kidole. Bega likaonekana, rangi ya chungwa, dogo lakini lenye afya. "Bado," nikasema. Nikarudishia udongo. Mama akaitika, "Ehee," akaenda zake.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni, ndugu zangu. Nisiwadanganye. Nilibaki nimepiga magoti kwenye tuta lile, natazama kidole changu chenye udongo, na nikajiuliza tena, safari hii taratibu: nafsi yangu nimeifanyia nini miezi yote hii? Naing'oa kila jioni. Naishika majani, naivuta yote, naigeuzageuza, nasema haina kitu, naisukumia shimoni, kesho tena. Ingekuaje? Na zile nia nilizozitangaza kwenye duara, si ndiyo mbegu zilizosongamana, kila moja inamnyang'anya mwenzake chakula?

Nikaanza kupunguza. Nilipunguza mpaka jua likazama nyuma ya mlima. Nyingine nikala, nyingine nikampa mbuzi. Kila niliyong'oa iliniuma kidogo, lakini niling'oa.

Kesho yake nikaenda kwa mama mwenyekiti. Nikamkuta anachambua maharage.

"Mgongo umepona?" akauliza, hajainua macho.

"Haukuwa unauma, mama. Nilidanganya. Nimekuja kupunguza nia zangu."

Akaacha maharage. "Nilikuwa nakusubiri. Unabakiza ipi?"

"Katika zile, hakuna. Nataka kila jioni, nikishafunika chombo, niseme sentensi moja kwa Mungu. Ya kwangu mwenyewe. Ya kweli. Halafu ndiyo niseme amina."

"Moja tu?"

"Moja."

"Na iwe ya kweli?"

"Ndiyo."

Akarudia maharage yake. "Hiyo ni ngumu kuliko rozari, baba."

Ilikuwa ngumu. Sentensi yangu ya kwanza niliyomwambia Mungu maishani ilikuwa hii: "Leo ugali uliungua." Hakuna nyingine ya kweli niliyoipata. Kesho yake nikasema, "Nimemkumbuka." Kuna jioni nilisema, "Nina hasira na wewe," nikaogopa, nikasubiri, hakuna kilichotokea, nikaongeza amina. Na kuna jioni nilisema, "Leo sina la kukwambia," nayo ilikuwa ya kweli. Jumapili, nikitoka misa, nilikuwa nachungulia kidogo njiani: kuna chochote kinaota? Mara nyingi jibu lilikuwa bado. Lakini ile bado ilianza kunifurahisha. Mtu hasemi bado kwa kitu kisichokuwepo.

Katika kuchungulia huko niligundua jambo ambalo sikulitegemea. Zile amina zangu za miaka yote karibu na moto, nilizicheka pamoja na mtani nikiamini ni za usingizi tu. Nilipozitazama vizuri, nikakuta nyingine kweli zilikuwa za usingizi. Lakini nyingine hazikuwa. Zile za watoto wakiumwa nilikuwa macho. Ile ya dereva wa lori nilikuwa macho, maana ni mimi niliyempakilia mboga. Nilikuwa namwamini mke wangu, na yeye alikuwa anamwamini Mungu, na kupitia kwake na mimi nilikuwa nimeshika kamba hiyo hiyo, hata kama nilikuwa mwishoni kabisa. Imani yangu ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa hai. Ningeendelea kuing'oa nisingejua.

Kumbukumbu ya mwaka wa marehemu ikakaribia. Jumuiya ingekuja kwangu, na ukoo, na majirani, na lazima mtu afungue sala. Nikamwomba mama mwenyekiti afungue yeye. Alikuwa tayari. Mama mkwe aliposikia akatuma ujumbe: "Kwenye nyumba ya mwanangu atafungua aliyebaki." Basi, likaisha. Siku hizo niliogopa kuliko nilivyoogopa msiba wenyewe. Ningefungua kinywa kisitoke kitu, watu wote wangejua kwamba mtani alisema kweli.

Na yeye alikuja. Katoka Kinole na mkungu wa ndizi, akakaa karibu na moto, mahali pangu, makusudi. Akanikonyeza. "Leo nimekuja kusikia amina," akasema.

Nikasimama. Viti vilikuwa vimepangwa na watu wengine. Nikasikia mbuzi nje, na mvua nyepesi juu ya bati. Nikasema hivi, na sijaongeza wala kupunguza:

"Mungu, ni mimi, yule wa amina. Mke wangu ndiye aliyekuwa anaongea na wewe. Nakushukuru kwa ajili yake. Sijafurahi kwamba umemchukua, na leo sitasema nimefurahi. Mama yake yuko hapa, mtie nguvu. Karoti zimekubali. Sijui kusali, lakini nimekuja."

Nikaishia hapo. Sikujua mtu anamalizaje, maana siku zote mimi ndiye niliyekuwa mwisho. Watu nao hawakujua kama nimemaliza. Halafu kutoka pembeni, pale akina mama walipokuwa wamekaa, sauti moja ya kizee ikasema:

"Amina."

Alikuwa mama mkwe wangu. Kisha wote wakaitika.

Mtani alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Lakini mtani ni mtani. Akanyanyuka kwenye kiti changu, akalipangusa vumbi koti langu pale msumarini, akasema, "Haya, kaa kwako. Amina umempa mkweo, sasa wewe ugali utakula na nini?"

Nikamwambia, "Na ndizi zako."

Namshukuru yeye, ingawa leo hayupo hapa. Hakuna aliyenipenda kiasi cha kunicheka mbele za watu na kuniambia ukweli usoni isipokuwa yeye. Namshukuru mama mkwe, ambaye sitamtazama nikisema haya, kwa heshima. Namshukuru mama mwenyekiti kwa sababu aliniona nikijitwisha mzigo usiobebeka, akaniacha nijue mwenyewe, na mlango wake hakuufunga. Namshukuru aliyekaa kwenye kile kigoda. Na Mungu namshukuru kwa sentensi zangu za ugali ulioungua, maana naamini alizisikiliza.

Mwaka huu kwenye duara nilisema nia yangu ni ile ile, nikaongeza ya pili: nimtembelee tena yule mzee mgonjwa, nikae tu. Nikishindwa kuongea, atanifariji, tumezoeana.

Kama mnataka neno la kubeba, langu ni hili dogo. Tunapojitazama ndani, tutazame kama tunaotaka kujua, tusiwe kama tunaotaka kuhukumu. Tutumie kidole kimoja. Na nia ziwe chache, zipate nafasi.

Sasa nakaribia kuketi, na najua mnalo neno la kuitikia, liko ulimini tayari. Naomba mlishikilie kidogo. Kila mtu asogeze udongo pale shingoni, atazame bega lake, aone lilivyo leo, dogo au kubwa. Asiling'oe. Arudishie udongo vizuri, aupigepige kwa kiganja.

Halafu, mkiwa tayari, itikieni.